Uji wa Mzee: Historia ya Kuuguza Tumbo Ugogo

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza chini ya Jenerali Jacob van Deventer yaliingia Dodoma yakitokea Kondoa Irangi. Wajerumani walirudi nyuma wakaiacha stesheni ambayo reli yao iliifikia mwaka 1910. Vita hivyo vya Wazungu, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, viliendeshwa kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Wapagazi walibeba risasi, unga, mahema na hata majeruhi, na walipokufa, mara nyingi hawakuuawa na bunduki. Waliuawa na tumbo. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa ukabaki chengachenga, ukachemshwa upesi jioni, kuni zikiwa haba na watu wakiwa hoi. Madaktari wa jeshi la Uingereza waliandika wazi kwamba unga huo usioiva uliwachubua utumbo watu waliokulia vyakula vingine, na kwamba kuhara na kuhara damu vilimaliza wapagazi wengi mno.

Yeyote aliyewahi kumuuguza mzee mwenye tumbo bovu ataitambua habari hiyo mara moja. Ugonjwa ulianzia kwenye sufuria. Mtu aliondolewa kwa watu waliomjua, akapewa chakula asichokizoea, kilichopikwa na asiyejua tumbo lake linapokea nini na linakataa nini. Historia ya tiba katika Tanzania ya kati imeandikwa: zipo tarehe za majengo, majina ya madaktari, orodha za maaskofu. Aliyeamka usiku kumkorogea mzee uji, akamshika kichwa akitapika, akafua nguo zake kabla hakujakucha, hayumo katika maandishi hayo. Ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi.

Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, una msimu mmoja wa mvua. Mvua inaanza Desemba, inakatika Aprili, na kwa mwaka mzima hupatikana milimita 500 hadi 600 hivi, zikija. Kwa sababu hiyo wenyeji walijenga maisha juu ya nguzo mbili: ng'ombe, na nafaka zinazovumilia ukame, yaani uwele na mtama. Ugali wa uwele ulioshushwa na mlenda ndicho chakula ambacho mtu wa Dodoma akiwa mbali hukikumbuka kwanza. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hupondwa yakawa unga na kuwekwa akiba. Kiangazi, mwanamke huchota kiganja kimoja, hukikoroga katika maji yanayochemka yenye magadi kidogo, na mboga iko tayari. Karanga zikiwepo, hupondwa zikatiwa.

Kwa mzee aliyepoteza meno, mboga hii ilikuwa na faida ambayo haikuhitaji daktari kuieleza. Inateleza. Tonge lililochovywa kwenye mlenda hupita kooni bila kutafunwa sana, na utelezi ule huenda nalo hadi chini, ukamsaidia mwenye choo kigumu. Maziwa ya mgando yalikamilisha mlo. Mzee aliyeshindwa ugali alipewa uji, na aliyeshindwa uji mzito alipewa mwepesi. Ngazi hizo za kushuka, kutoka ugali hadi uji, kutoka uji hadi maji ya uji, kila mama mwenye nyumba alizijua, na alijua pia siku ya kumpandisha mgonjwa tena.

Nyumba yenyewe, tembe, ilichangia. Ilikuwa jengo refu, fupi kwa kimo, lenye paa bapa la udongo, likizunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Kila mke alikuwa na chumba chake na ghala lake la nafaka. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya ng'ombe na ujamaa wao mwaka 1969, alionyesha jinsi undugu, ndoa na mifugo vilivyofungamana katika kaya moja. Mzee mwenye ng'ombe alikuwa na watu. Mzee mwenye watu alikuwa na mtu wa kumwinua.

Lakini si kila mtu aliweza kumwinua. Heshima ya ukwe ilimweka mkamwana mbali na mwili wa baba mkwe wake: angempikia, angemletea maji ya moto mlangoni, lakini kumvua na kumwosha lilikuwa jambo lisilosemeka. Hapo ndipo alipoingia mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na utani huo una kazi nzito kuliko kuchekesha. Mjukuu angemwambia babu yake, "Leo umetuchafulia kitanda kama mtoto, mume wangu," na babu angemjibu kwa kejeli iyo hiyo, na katikati ya maneno hayo kazi ya kumsafisha ingekwisha bila mzee kupoteza heshima yake. Kuhara kwa mtu mzima ni ugonjwa wa aibu kabla ya kuwa ugonjwa wa kitu kingine. Wazee wengi huficha, hukataa kula ili wasiende choo, hudhoofika kimya kimya. Jamii iliyoweka utani mahali penye aibu ilikuwa imefikiri sana, na ni haki kuisifu kwa hilo.

Dawa nazo zilikuwepo. Unga wa ubuyu uliokorogwa katika maji ulitolewa kwa anayeharisha, ukwaju kwa anayekosa choo, na msubili, mchungu kupita kiasi, kwa choo kilichogoma kabisa. Baadhi ya dawa hizo zilisaidia. Nyingine ziliua, hasa pale mzee aliyekwisha kupoteza maji mwilini alipopewa dawa kali ya kuharisha ili "tumbo lisafishwe". Anayesimulia habari za mitishamba bila kutaja upande huo hawatendei haki waliokufa.

Ujuzi wa thamani zaidi ulitoka mahali ambapo wamisionari hawakupapenda: kwenye chungu cha pombe. Wanawake waliopika pombe ya nafaka walijua kuotesha mbegu. Nafaka hulowekwa usiku kucha, hutandazwa mahali penye unyevu na kufunikwa siku mbili tatu mpaka itoe vichipukizi, hukaushwa juani, kisha husagwa. Huo ndio unga wa kimea. Ukitia kijiko kimoja katika uji mzito uliopoa kiasi, uji unalegea mbele ya macho, unakuwa mwepesi wa kunyweka ilhali nafaka iliyomo ni ile ile. Mgonjwa anayeweza kumeza vijiko vitano tu hupata katika vijiko hivyo nguvu ambayo angeitafuta katika bakuli zima la uji wa maji. Ukiuacha uji wa namna hiyo uchachuke unapata togwa, na ule uchachu unazuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane.

Yote hayo yalitegemea ghala lenye nafaka, zizi lenye ng'ombe, na mtu asiye na safari. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo uliyapoteza yote matatu kwa pamoja.

Wenyeji waliiita njaa ile Mtunya. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe na nafaka kulisha majeshi, wakachukua na vijana kubeba mizigo. Mashamba yalikosa mikono, halafu mvua ikakosekana, halafu ikaja homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kuliko mtu yeyote, anakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Wazee walikufa vipi katika Mtunya? Tumbo lililokaa muda mrefu bila chakula hudhoofika lenyewe, hushindwa kushika hata kidogo linachopewa, na mtu huanza kuhara wakati hana cha kuhara. Matunda na mizizi ya porini, ambavyo kijana hujikaza akavila, mzee havimwendi. Familia zilizohama kutafuta chakula kwa majirani au kwenye njia ya reli zililazimika kuamua nani anaweza kutembea. Uamuzi huo haukuandikwa popote, lakini ulifanyika katika maelfu ya kaya. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi aliyekuja kuchapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, alizaliwa Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, mwaka 1917, njaa ikianza. Kizazi chake kilikulia katika nyumba zenye mababu wachache kuliko ilivyopaswa.

Hospitali zilikuja polepole. Chama cha Kianglikana cha CMS kilikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na daktari wake, Edward Baxter, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoa dawa za Kizungu katika uwanda huu. Misheni ya Mvumi ilianzishwa mwaka 1900. Baada ya Dayosisi ya Tanganyika ya Kati kuundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, wafanyakazi wengi wa tiba walitoka Australia, na aliyejulikana zaidi kati yao ni Paul White. Alifika mwaka 1938, akaondoka mwaka 1941, na vitabu alivyoviandika baadaye juu ya "daktari wa porini" vilisomwa na watoto wa nchi nyingi. Muda wake Mvumi ulikuwa mfupi kuliko umaarufu wake. Hospitali iliendelea baada yake kwa mikono ya wauguzi na wasaidizi wa kienyeji ambao majina yao hayakufika kwenye majalada ya vitabu.

Katika hospitali za misheni, Mvumi, Kilimatinde na kwingineko, mgonjwa hakuja peke yake. Alikuja na ndugu, na ndugu alikuja na chungu, unga, na pengine kuku. Nje ya wodi kulikuwa na mafiga, moshi, watoto, nguo zilizoanikwa juu ya vichaka. Wazungu wengi waliona vurugu. Ukitazama vizuri, ile ndiyo iliyokuwa nusu ya pili ya hospitali. Daktari alitoa dawa na kufanya upasuaji, na chakula, kuogesha, kugeuza mgonjwa na kumfariji vilibaki mikononi mwa ndugu. Mzee aliyekataa chakula cha wodi alikubali uji wa binti yake. Mpango huo haukutokana na nadharia yoyote ya tiba. Ulitokana na uhaba wa fedha, na umeendelea hadi leo kwa sababu ile ile.

Baadhi ya magonjwa hayakungoja uji. Moja ni kujipinda kwa utumbo mpana, ambako huwakumba zaidi wanaume wa makamo na wazee, na madaktari wa Afrika Mashariki wamelijua kwa miongo mingi kuwa moja ya sababu kubwa za utumbo kuziba. Tumbo huvimba ghafla likawa gumu, choo na hewa havitoki, mzee hutapika. Utumbo uliojipinda hukosa damu, na baada ya saa kadhaa huanza kuoza. Daktari akiwahi, huweza kuufungua kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, au kwa kisu. Akichelewa, hakuna la kufanya. Wakati wa machela, safari ya kutoka kijiji cha mbali hadi Mvumi ilichukua siku nzima au zaidi. Wengi waliofia njiani walisemekana wamerogwa, kwa sababu jana yake walikuwa wazima.

Upande wa pili wa habari hiyo ulimvutia daktari mmoja wa Kiayalandi aliyewahi kufanya kazi Kampala. Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 na kupata umaarufu kwa kueleza saratani ya taya ya watoto, alikuwa na desturi ya kuandikia hospitali za misheni kote Afrika akiuliza: mmeona wangapi wa ugonjwa huu, wangapi wa ule? Majibu yalionyesha kwamba magonjwa mengi ya tumbo yaliyowajaza wazee wa Ulaya mahospitalini, kama vile choo kigumu cha kudumu, bawasiri na vifuko kwenye utumbo mpana, yalikuwa nadra vijijini Afrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyoshangaza watu: chakula kilichukua takriban saa 36 kupita tumboni mwa mwanakijiji wa Uganda, na zaidi ya saa 80 kwa mabaharia wa Uingereza. Burkitt aliamini tofauti ni makapi ya nafaka na mboga. Si yote aliyoyadai yamesimama tangu hapo. Lakini ugali wa uwele na mlenda vilikuwa vimepata shahidi kutoka maabara, wakati ambapo Dodoma yenyewe ilikuwa imeanza kuviacha.

Mahindi yaliingia kwa njia nyingi, na njaa ilikuwa mojawapo. Mwaka wa uhuru, 1961, Ugogo ulikuwa katika ukame, na chakula cha msaada kilikuwa mahindi kutoka Marekani. Katika shida za miaka ya 1970 na 1980 ulikuja unga wa njano, ambao Watanzania waliubatiza jina la Yanga kwa rangi yake. Mashine za kukoboa zilizofuata zilitoa sembe nyeupe, laini, iliyovuliwa ganda lote. Kijana huila akafurahi. Mzee anayekaa kitini kutwa, anayekunywa maji kidogo kwa kuhofia safari za choo, na anayemeza vidonge vya presha, hukaa siku nne bila haja.

Serikali ya uhuru ilijaribu kulishughulikia tumbo kutoka pande zote. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu katika hospitali za umma yalikuwa bure. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika hadi vijiji vya kupangwa, na wazee walisogezwa karibu na bomba na zahanati kwa kutengwa na malisho. Wapo waliopata dawa wakakosa maziwa. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Vyoo hivyo viliokoa maisha ya watoto wengi. Kwa wazee vilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeifikiria: vilikuwa vya kuchuchumaa. Mtu mwenye magoti yaliyokwisha na tumbo linalomkaba mara sita usiku hawezi kuchuchumaa gizani juu ya shimo lenye magogo mawili. Ufumbuzi ulitoka kwa mafundi wa kijijini na wajukuu wenye akili. Kigoda kilitobolewa katikati. Baadaye, kiti cha plastiki kilikatwa tundu kwa kisu cha moto na kuwekwa juu ya shimo, au juu ya ndoo chumbani. Kifaa hicho kinapatikana katika nyumba nyingi, hakina jina la aliyekibuni, na kimezuia kuvunjika kwa nyonga nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ndiyo iliyokirudia kile chungu cha wanawake. Wataalamu wake, Wilbald Lorri akiwa miongoni mwao, wakishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, walipima kimea na uji uliochachuliwa, na huko Iringa, jirani kusini mwa Dodoma, walionyesha kwamba watoto waliolishwa uji wa kuchachuka waliharisha mara chache kuliko wenzao. Walipendekeza zaidi kimea cha ulezi. Cha mtama huhitaji kufikichwa mizizi na vichipukizi vitolewe, kwa sababu hubeba sumu, jambo ambalo ni lazima anayempikia mgonjwa alijue. Kazi hiyo ni ya kujivunia. Ilikuwa juu ya watoto chini ya miaka mitano, kama ilivyo karibu kazi yote ya lishe nchini. Mzee anayeharisha hana kadi ya kliniki, hapimwi uzito kila mwezi, na akipungua kilo kumi majirani husema ni uzee.

Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaingia katika hospitali za serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ikatamka kwamba wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, na leo vibao vya "Mpishe mzee kwanza" vimetundikwa kwenye vituo vingi. Dirisha la wazee ni jambo jema. Mara nyingi, hata hivyo, mzee hupishwa hadi mbele ya foleni, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa akainunue nje.

Halafu kikaja kipigo ambacho hakikumtofautisha mzee na mtoto. Katikati ya mwaka 2016, vijiji vya Dodoma na Manyara vilianza kupata wagonjwa waliotapika, kuharisha, kuvimba tumbo na kugeuka macho kuwa ya njano. Walihesabiwa 68, na 20 kati yao walikufa. Chanzo kilipatikana ghalani: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ambayo hushambulia ini. Kuchemsha hakuiondoi. Uji ule ule wa kumponya mgonjwa ulikuwa ndio unaomwua, na aliyeukoroga hakuwa na namna ya kujua. Tangu hapo serikali imejenga kituo cha kudhibiti sumukuvu Mtanana, wilayani Kongwa, si mbali na soko kubwa la nafaka la Kibaigwa. Kwa aliye jikoni, somo ni la vitendo: punje zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zilizoota ukungu hutupwa, wala hazihifadhiwi kwa ajili ya uji wa mgonjwa kwa kuwa "atakula kidogo tu".

Dodoma ya sasa ni mji mwingine. Mkoa ulihesabiwa kuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na mwaka 2022 ukafika 3,085,625. Ihumwa ya Mnyampala imezungukwa na majengo ya Mji wa Serikali na reli ya umeme, ambayo tangu 2024 humfikisha abiria Dar es Salaam kwa muda wa chini ya saa nne. Chuo Kikuu kilianza mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015. Vidonda vya tumbo, ambavyo babu zetu walivituliza kwa maziwa, sasa vinajulikana kuwa mara nyingi husababishwa na bakteria, jambo ambalo Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutunukiwa Nobel mwaka 2005. Mzee akipimwa na kupewa dawa kwa wiki mbili anaweza kupona kabisa kitu alichoishi nacho miaka ishirini. Hii ni sababu tosha ya kutokubali neno "ni uzee tu".

Kuna pia saratani ya koo la chakula, ambayo huonekana Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida. Huanza kwa ugali kukwama, kisha wali, kisha uji. Mzee hushuka zile ngazi za zamani bila kupanda tena. Wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa hawamezi hata maji. Kwa hao kuna tiba shufaa, na morfini ya kunywa inayotengenezwa kwa ajili ya maumivu. Morfini hufunga choo, kwa hiyo anayemhudumia mgonjwa nyumbani lazima ampe pia dawa ya kulainisha. Asipoelezwa hilo siku ya kwanza, mzee atakataa dawa ya maumivu kwa sababu ya maumivu mengine.

Siku ya anayeuguza tumbo la mzee, katika kijiji cha Bahi au Chemba, inafanana sana na ya bibi yake. Kiangazi maji hufuatwa kwenye visima vya mchanga katika mto uliokauka, na mgonjwa anayeharisha hutumia ndoo nyingi kuliko familia nzima ya wazima: za kumwogesha, za shuka, za ndoo yenyewe. Kuna pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kutoka zahanati, kikombe kidogo, na kijiko, kwa sababu mzee hana kiu hata akiwa amekauka, na akinywa kwa mkupuo atatapika. "Babu, kimoja tena." Kijiko kimoja kila baada ya dakika chache, saa nzima, kisha tena. Anayefanya hivyo hawezi kwenda shambani wala gengeni. Mara nyingi ni binti au mjukuu wa kike, na mara nyingi ameitwa kutoka mjini kwa simu.

Kwa asiye na binti wala mjukuu kuna makazi ya serikali ya wazee kama yale ya Sukamahela, Manyoni. Hayo ni machache, na si kila mzee anayeyahitaji atafika huko.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mwaka uliofuata ukazinduliwa mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaoingia majumbani. Wahudumu hao wangefaa wafundishwe kumpima mzee uzito, kumwonyesha mjukuu namna ya kutumia kimea, kukagua unga wa nyumba, na kutambua tumbo lililojipinda kabla ya usiku kuingia. Bima italipia kitanda na dawa. Nauli ya anayemsindikiza babu kutoka kijijini, unga na mkaa anaonunua kumpikia nje ya wodi, sabuni, na siku za kazi alizozikosa bado analipa mwenyewe.